Kusomea uhalifu chuoni: kwa nini mvua inahusika na mauaji

Mzazi wa Mwanza akisikia mwanawe anataka kusomea mambo ya uhalifu, huuliza mawili: atakuwa askari? Na kama hatakuwa askari, atakula wapi? La pili nitalijibu mbele. La kwanza, wapo wanaoishia polisi, lakini masomo yenyewe hayamfundishi mtu kukamata. Mpelelezi anatafuta nani kafanya. Mwanafunzi wetu anatafuta kwa nini jambo hilo linatokea sana hapa kuliko kule, mwaka huu kuliko mwaka jana.

Chukua mauaji ya vikongwe, aibu ambayo Kanda ya Ziwa imeibeba kwa miongo mingi. Bibi mwenye macho mekundu anaitwa mchawi, usiku watu wanakuja na mapanga. Macho hayo yameharibiwa na moshi. Sehemu za Usukuma ambako miti imekwisha, chakula kimepikwa miaka yote kwa samadi kavu na mabua ya pamba. Hilo wengi wanalijua. Ukimuuliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chanzo cha mauaji, atajibu haraka: imani za kishirikina. Jibu hilo tunamrudishia. Imani ipo mwaka mzima, kila mwaka. Mbona mauaji yanapanda na kushuka?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu vijiji vya wilaya ya Meatu, huko huko Usukuma, ulilinganisha mauaji na mvua. Miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji ya wanaodaiwa kuwa wachawi yalikaribia kuwa maradufu, na mauaji ya aina nyingine hayakupanda hivyo. Waliouawa wengi walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi mkono wa ndugu ulikuwemo. Kwa hiyo njaa inapoingia kwenye kaya, asiye na nguvu za kulima anakuwa mzigo, na uchawi unakuwa sababu inayoweza kusemwa mbele ya watu. Mimi nadhani hili ndilo somo gumu kuliko yote tunayofundisha, kwa sababu linabadilisha dawa. Doria na mahubiri dhidi ya ushirikina vina nafasi yake, lakini ghala la chakula na posho ya mzee navyo vinageuka kuwa hatua za kuzuia mauaji.

Na kabla hujawacheka wanakijiji, kumbuka Cesare Lombroso. Daktari huyu wa Italia alichapisha mwaka 1876 kitabu akidai kwamba mhalifu huzaliwa hivyo na hutambulika kwa taya, masikio na umbo la fuvu. Wasomi wa Ulaya walimsikiliza kwa miaka mingi kabla dai lake halijaanguka. Kumsoma mtu usoni kosa lake ni lile lile, hata akilifanya profesa.

Tukitoka hapo tunaingia kwenye takwimu, na hapa wengi wanatamani kuhama kozi. Idadi ya matukio kituoni ni idadi ya yale ambayo mtu alikwenda kuyasema na askari akayaandika. Aliyeibiwa injini ya mtumbwi atafuata RB, namba ya taarifa yake polisi, asubuhi hiyo hiyo. Mke aliyevunjwa mkono huambiwa asubiri wazee wa ukoo. Mtoto aliyeharibiwa na mjomba, mambo "yanamalizwa nyumbani". Ndiyo maana Dawati la Jinsia na Watoto la polisi likianza kufanya kazi vizuri mahali, idadi inapanda, na gazeti linaandika kwamba ukatili umeongezeka. Huenda umeongezeka. Huenda pia wanawake wamepata pa kusemea. Mwanafunzi aliyeiva hatachagua moja kabla ya kuchimba.

Twende mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki. Sheria ya Uvuvi ya 2003 ipo, makokoro, nyavu za kukokota, yamepigwa marufuku, sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi, na bado anauzwa. Edwin Sutherland, Mmarekani, alieleza kwamba uhalifu hufunzwa kama kazi nyingine: mtu hujifunza mbinu pamoja na maneno ya kujitetea, kutoka kwa watu wake wa karibu. Kijana anayevuta kokoro usiku kajifunza kwa wenzake kulivuta, na kajifunza pia kusema "ziwa ni la Mungu". Lakini Sutherland huyo huyo, mwaka 1939, aliwataka wenzake wahesabu pia makosa ya wenye heshima zao. Kokoro ni ghali, kijana hana hela ya kulinunua. Tajiri aliyelinunua hashindi mtumbwini, na si rahisi kumkuta akiwa amelowa.

Sasa, atakula wapi. Wahitimu huenda ustawi wa jamii, Magereza, mashirika yanayosaidia manusura wa ukatili, na huduma za uangalizi, ambako mtu aliyetiwa hatiani hutumikia adhabu akiwa nje. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inaruhusu hilo kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3. Wengine hufanya kazi na watoto, maana kwa sheria zetu mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai, na anayezidi hapo anahitaji mtu anayejua tofauti ya mtoto na jambazi. Ajira si za kumwagika, nisiwadanganye.

Anayetafuta masomo haya kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, asitafute neno "uhalifu" pekee. Mara nyingi yamejificha ndani ya shahada za sosholojia, sheria au ustawi wa jamii. Omba orodha ya kozi za miaka yote. Angalia kama kuna takwimu, sheria ya jinai na saikolojia, kisha uliza wanafunzi hupelekwa wapi kwa mafunzo ya vitendo. Chuo kisichoweza kutaja mahakama, gereza wala ofisi ya ustawi wa jamii inayowapokea wanafunzi wake, ulizia kingine.