Unga wa magnesiamu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayeshika kwa mara ya kwanza kipande cha aloi (mchanganyiko wa metali) ya magnesiamu mara nyingi hudhani amepewa plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Sentimita moja ya ujazo ya metali hii ina gramu 1.74, ilhali ya alumini ina gramu 2.70 na ya chuma cha pua hufikia gramu 7.85. Kwa kuwa tumezoea kuupima uimara wa kitu kwa kukinyanyua, kama afanyavyo mnunuzi wa sufuria dukani, tunahitimisha upesi kwamba kitu chepesi hivi hakiwezi kubeba mzigo. Hitimisho hilo si sahihi. Uzito hutokana na atomi zenyewe na jinsi zilivyosongamana. Uimara hutokana na ugumu wa safu za atomi kuteleza juu ya safu nyingine metali inapovutwa. Mwaka 2001 watafiti wa Japani, akiwamo Yoshihito Kawamura wa Chuo Kikuu cha Kumamoto, walitangaza aloi ya magnesiamu yenye asilimia 1 ya zinki na asilimia 2 ya yitriamu, metali nyingine, kwa hesabu ya atomi, iliyotengenezwa kutokana na unga, ambayo haikuanza kubadilika umbo kwa kudumu hadi mkazo ulipofika takriban megapaskali 610 (megapaskali hupima nguvu inayobebwa na kila kipande cha eneo). Chuma cha kawaida cha ujenzi huanza kulegea karibu na megapaskali 250.

Habari za namna hiyo huzaa dhana nyingine: kwamba unga wenyewe ndio dawa, na kwamba ukiisaga metali iwe laini kama sembe kisha ukaibana, lazima itoke imara zaidi. Wanaosema hivyo huchanganya chembe na punje. Chembe ya unga ni kipande kizima, ambacho kwa lenzi ya kawaida utakiona kikiwa peke yake. Punje ya fuwele ni eneo lililomo ndani ya chembe hiyo, ambamo atomi zote zimejipanga kuelekea upande mmoja; chembe moja yenye upana wa maikromita 50 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) inaweza kuwa na maelfu ya punje. Mipaka ya punje ndiyo inayozuia atomi kuteleza, kwa hiyo unga laini wenye punje kubwa hautampa mhandisi alichokitarajia.

Kinachofanya kazi hasa ni kasi ya kupoa. Metali iliyosubiwa katika kalibu kubwa hupoa taratibu, na punje zake hukua hadi kufikia makumi au hata mamia ya maikromita. Tone la metali iliyoyeyuka lililopulizwa kwa gesi ili liwe chembe ya unga, ambalo huenda likawa jembamba kuliko unywele, hupoteza joto kwa kasi ya maelfu ya nyuzi kwa sekunde au zaidi, na punje hazipati nafasi ya kukua wala elementi zilizochanganywa hazipati muda wa kujitenga na kukusanyika mahali pamoja. Katika aloi ile ya Japani punje zilikuwa na upana wa nanomita 100 hadi 200 tu (nanomita ni sehemu ya elfu ya maikromita). Magnesiamu hunufaika na jambo hili kuliko alumini, kwa sababu fuwele zake zenye umbo la pembe sita zina njia chache za kuteleza, hivyo kila mpaka huwa kizuizi kikubwa. Kwa makadirio yanayotumika sana, kupunguza punje kutoka maikromita 100 hadi maikromita 1 hupandisha mchango wa mipaka katika uimara kutoka megapaskali 28 hadi 280 katika magnesiamu; katika alumini mchango huo hupanda kutoka takriban 7 hadi 68.

Waliozoea unga wa chuma nao wana kosa lao. Gia ndogo za chuma hutengenezwa kwa kubana unga ndani ya kalibu na kuuoka tanurini palipo na haidrojeni, ambayo huondoa oksidi, yaani utando wa metali iliyoungana na oksijeni, iliyozizunguka chembe na kuziacha zishikane, na wao hudhani magnesiamu itatii utaratibu uleule. Haitii. Oksidi ya magnesiamu imeshikamana kwa nguvu ambayo haidrojeni haiwezi kuivunja, na ngozi hiyo, ingawa unene wake ni nanomita chache, huizingira kila chembe pande zote. Ukiuoka unga huo kwa nyuzi 600 za Selsiasi, karibu kabisa na nyuzi 650 ambapo metali huyeyuka, chembe hukaa bega kwa bega bila kuungana, kama njugu zilizomo ndani ya maganda yake. Njia mojawapo ya kutoka hapo ni kutia kalsiamu kidogo, chini ya asilimia moja, kwani kalsiamu huipenda oksijeni kuliko magnesiamu inavyoipenda, na hivyo huivuruga ile ngozi.

Njia iliyozoeleka zaidi ni ya nguvu. Yeyote aliyewahi kukandamiza unga wa dengu kwenye mashine ya tambi ataielewa: unga wa metali uliobanwa kuwa gogo hupashwa joto la wastani, kwa aloi ya Japani takriban nyuzi 300, kisha husukumwa kwa shinikizo kubwa upite katika tundu jembamba. Chembe hunyooshwa, ngozi hupasuka kwa sababu haiwezi kunyooka nazo, na metali safi iliyokuwa imefunikwa hukutana na metali safi. Vipande vya oksidi hubaki humo humo na, vikiwa vidogo na vimetawanyika vizuri, navyo huwa vizuizi vya ziada. Maarifa haya si mapya kama matangazo yanavyotaka tuamini; Busk na Leontis wa kampuni ya Dow ya Marekani walichapisha kazi juu ya kusukuma unga wa aloi za magnesiamu kwa njia hii mwaka 1950. Kinachohitaji nidhamu ni joto, kwa sababu likizidi, punje hukua na faida yote iliyolipiwa wakati wa kupooza tone hupotea.

Kuhusu moto, watu hukosea pande mbili. Wengine huogopa kila kitu cha magnesiamu, ilhali kipande kizima husambaza joto haraka na ni vigumu kukiwasha kabla hakijakaribia kuyeyuka. Injini za Volkswagen Beetle zilizotembea barabara zetu zilikuwa na kasha la aloi hiyo, na tangu mwaka 2015 viwango vya viti vya ndege vinaruhusu aloi za magnesiamu zinazofaulu jaribio la moto. Wengine huuchukulia unga kama kipande, na hapo ndipo penye hatari ya kweli. Vumbi laini la magnesiamu hulipuka, ndiyo maana hushughulikiwa ndani ya gesi ya argoni, isiyoungana nalo. Likiwaka halizimwi kwa maji, yanayotoa haidrojeni, wala kwa kaboni dioksidi, ambayo magnesiamu huendelea kuungua ndani yake na kuacha masizi. Hufunikwa kwa mchanga mkavu kabisa.

Dhana inayowagharimu wabunifu zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba aloi ikiongezewa uimara huwa pia ngumu kupinda. Kupunguza punje hakubadili ukakamavu, yaani jinsi metali inavyokataa kupinda, ambao hubaki karibu gigapaskali 45 (gigapaskali ni megapaskali elfu moja) dhidi ya takriban 210 za chuma cha pua. Bamba la magnesiamu linalotakiwa kustahimili kupinda sawa na bamba la chuma la milimita 1 lazima liwe na unene wa milimita 1.67, hata hivyo uzito wake utakuwa asilimia 37 tu ya lile la chuma. Anayetaka kupandisha ukakamavu wenyewe huchanganya unga na chembe za silikoni kabaidi, kitu kigumu sana kisicho metali, na hulipa kwa kupoteza uwezo wa metali kuvutika.

Kuna pia wanaodhani magnesiamu huliwa na chumvi, kama chuma kinavyoliwa na kutu, kwa asili yake tu. Uchafu una sehemu kubwa: katika magnesiamu tupu, chuma kikizidi sehemu 170 kwa milioni, kasi ya kuliwa hupanda ghafla, na anayesaga unga wake kwa gololi za chuma huenda anautia uchafu huohuo bila kujua. Lakini kuliwa huko hakuchukiwi kila mahali. Mwaka 2013 madaktari wa Hannover, Ujerumani, walitoa matokeo ya wagonjwa 26 waliorekebishwa kidole gumba cha mguu kilichopinda, nusu kwa skurubu za titani na nusu kwa skurubu za aloi ya magnesiamu iliyotokana na unga; baada ya miezi sita makundi mawili yalilingana, na skurubu za magnesiamu zimekusudiwa kuyeyuka polepole mwilini, bila mgonjwa kurudi kupasuliwa ili zitolewe.