Tetemeko la Juzi Halileti Dhahabu

Kila ardhi inapotikisika, hata kidogo, wachimbaji wadogo wa Kakamega na Siaya hunipigia simu kuniuliza ni ufa gani waanze kuuchimba, kwa kuamini kwamba tetemeko limepandisha dhahabu juu. Mwezi huu swali hilo limeletwa na kikundi kilichokuwa kimeanza kuchanga fedha za kwenda kuchimba Subukia, karibu na Nakuru, nami nimeona ni heri niandike kabla fedha hizo hazijapotea.

Tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la kipimo cha 6.9 lilipasua ardhi ya Subukia kwa zaidi ya kilomita 30. Hakuna mgodi wa dhahabu uliozaliwa hapo, kwa sababu miamba ya upande huo wa Nakuru ni ya volkeno changa, ilhali miamba yenye dhahabu ya Kakamega, Siaya na Migori ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5.

Hata hivyo, anayesema kwamba matetemeko hayahusiani kabisa na dhahabu naye amekosea. Matetemeko yanayohusika ni yale ya kale, yaliyotokea kilomita kadhaa chini ya ardhi, mahali ambapo maji ya moto yenye salfa yalikuwa yamebeba dhahabu iliyoyeyuka. Mwamba ulipopasuka, shinikizo lilishuka ghafla, kama soda inapofunguliwa, na kwatzi, yaani madini magumu meupe, pamoja na dhahabu vikaganda ndani ya ufa hadi ukaziba na kuwa mshipa; kisha shinikizo likajijenga upya, ufa ukapasuka tena, na hali hiyo ikajirudia mara nyingi mno. Ukivunja jiwe la mshipa wa Rosterman, mgodi wa zamani wa dhahabu wa Kakamega, na kulitazama kwa kioo cha kukuzia, utaona mistari myembamba myeusi ikifuatana sambamba na ukuta wa mshipa. Mistari hiyo ni vipande vya mwamba vilivyobanduka kila ufa ulipofunguka, na mara nyingi chembe za dhahabu hukaa kando yake.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kuona watu wakiufuata mpasuko mkubwa kuliko yote kwa sababu tu unaonekana vizuri kwenye ramani. Mpasuko mkubwa mara nyingi ulikuwa njia ya kupitisha maji hayo, na dhahabu ikabaki katika matawi madogo ya pembeni, hasa pale mpasuko ulipopinda au ulipokutana na mwamba wa aina nyingine, kwa hiyo mchimbaji anayepuuza mishipa ya upana wa kiganja huenda anaipita riziki yake.

Vitabu husimulia haya yote kana kwamba yamekamilika, lakini kushuka kwa shinikizo hakutoshi kueleza mapande makubwa ya dhahabu, kwa kuwa maji hayo hubeba dhahabu kidogo sana. Mwaka 2024 watafiti wa Australia walionyesha katika maabara kwamba kwatzi ikitikiswa huzalisha umeme unaovuta dhahabu kuganda juu yake. Wazo hilo linanivutia, ingawa maabara si kina cha kilomita kumi.

Kwa hiyo pimeni udongo na mchanga wa vijito kwa karai, mkipanda mto hadi chembe zikatike, kisha mtafute mishipa mlimani. Ardhi ikitikisika, msishuke shimoni kabla ya kukagua magogo ya kuegemeza kuta na kugongagonga dari, kwani mwamba uliolegea hutoa mlio mzito usio na mwangwi.