Volti zinagawanywaje, na kwa nini rezista mbili hazichaji simu

Kuna dogo pale Mwanjelwa aliniuliza, betri ya gari ni volti 12, simu inataka 5, si naunga tu rezista mbili nagawa hizo volti yanaisha? Cha ajabu hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa.

Iko hivi. Rezista ni kijidude cha kuubana umeme, huko kubana ndo ukinzani na unapimwa kwa omu. Ukiunga rezista mbili kwa kufuatana umeme hauna njia nyingine, mkondo (yaani umeme unaopita, unapimwa kwa ampea) uliopita ya kwanza ndo huohuo unapita ya pili, kinachopungua ni volti. Na volti ni mkondo mara ukinzani, kwa hiyo yenye omu nyingi ndo inakula volti nyingi. Ni kama unashuka Kitonga, magari ni yaleyale toka juu mpaka chini ila kile kipande kikali ndo kinamaliza kimo. Sasa weka omu 7,000 na 5,000 kwenye volti 12, jumla 12,000, mkondo ampea 0.001, ya kwanza inakula volti 7 na ya pili inabaki na 5. Ukiweka mita unasoma 5 kweli.

Haya, chomeka simu. Tuseme inavuta ampea 1, hiyo ni sawa na rezista ya omu 5, na umeiweka sambamba na ile ya 5,000, yaani ubavuni mwake, ncha kwa ncha. Hapo mkondo umefika njia panda, kama magari pale Uyole, mengine yananyoosha Tunduma mengine yanakata Tukuyu, ila idadi iliyoingia ndo inayotoka, mwanafizikia Kirchhoff alishalisema hilo 1845. Mkondo wenyewe unagawanyika kinyume na volti, penye omu chache ndo unapita mwingi. Kwa hiyo pale chini pamebaki kama omu 5 tu na juu bado kuna 7,000, volti karibu zote zinaishia huko juu, simu inapata kama 0.009. Haitoi hata alama ya chaji.

Utasema basi nitumie za omu 7 na 5. Hizo zinakula wati 12 hata simu haijachomekwa, zinachemka balaa, na ukichomeka volti zinashuka mpaka 3 na kitu. Nunua tu chaja ya gari bwana.

Mgawanyo huu kazi yake ni pale anayepokea havuti mkondo wa maana. Fungua redio ya zamani uangalie kile kitufe cha kuzungusha sauti, ndani kuna utepe wa kaboni na kijiulimi kinachotembea juu yake, kikisogea kinagawa upya volti za sauti. Vumbi likiingia hapo ndo unasikia ile krrr krrr ukiongeza sauti.