Ugonjwa wa mitokondria hautoki kwa mama peke yake
Mjini Moshi, kama kwingine, wengi huamini kwamba ugonjwa wa mitokondria, yaani sehemu za seli zinazozalisha nishati, lazima umetoka kwa mama. Msingi upo: DNA ya mitokondria hurithiwa kwake. Lakini DNA hiyo ina jeni 37 tu; nyingine ambazo mitokondria huzihitaji ziko kwenye kiini cha seli. Kimeng'enya kinachoinakili, polimerasi gama, huundwa kwa maelekezo ya jeni za kiini, na hizo hutoka kwa wazazi wote wawili. Kikiwa na kasoro, nakala hupungua au hupoteza vipande; ubongo, misuli na ini huishiwa nishati. Kumlaumu mama ni kumwonea.

Choreni ukoo wa vizazi vitatu. Baba mgonjwa akizaa watoto wagonjwa, jeni za kiini zichunguzwe kwanza. Kipimo cha damu kikitoka safi, mwulizeni daktari kuhusu mkojo au misuli: baadhi ya kasoro hufifia kwenye damu kadiri umri unavyosonga.