Sukari inaposhuka yenyewe

Kuna maneno ambayo mgonjwa wa kisukari aina ya kwanza huniambia akitabasamu, nami papo hapo huandika vipimo vya figo: "Daktari, siku hizi sukari inashuka yenyewe."

Nafungua daftari lake. Mwanzo wa mwaka alikuwa akijichoma yuniti 40 kwa siku, sasa 26, na bado usiku wa manane huamka ametota jasho, mikono ikitetemeka. Uzito ni ule ule na mazoezi hajaongeza.

Figo hazichuji damu tu. Ndizo pia zinazovunjavunja sehemu kubwa ya insulini ya sindano, maana hiyo haianzii kwenye ini kama ile inayotoka kwenye kongosho. Zikidhoofu, dozi ya jana bado imo mwilini unapojichoma ya leo.

Ubaya ni kwamba dalili hii huja wakati figo zimeshaumia sana. Ya mapema ni albumini, protini inayovuja kwenye mkojo bila maumivu, na mkojo wenyewe ukionekana safi kabisa (povu huja baadaye). Ndiyo maana miaka 5 baada ya ugonjwa kugundulika tunaanza kupima kila mwaka uwiano wa albumini na kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo) kwenye mkojo, pamoja na kreatinini ya damu. Uwiano ukifika miligramu 30 kwa gramu, narudia kipimo kwanza, kwa sababu hata homa au mazoezi makali huupandisha.

Kuhusu sukari yenyewe, utafiti wa DCCT uliofanyika Marekani na Kanada, matokeo yake yakatoka mwaka 1993, ulimaliza ubishi kama kuidhibiti kunalinda figo. Watu 1,441 walifuatiliwa. Waliodhibitiwa vizuri, HbA1c (sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu kwa miezi kama 3) ikawa karibu asilimia 7 badala ya 9, walipungukiwa na hatari ya albumini kuanza kuvuja kwa asilimia 39. Lakini kushukiwa na sukari vibaya kuliwapata mara 3 zaidi ya wenzao, jambo ambalo wanaosifu utafiti huo huliruka.

Kwa hiyo mwenye figo dhaifu simkimbizi kwenye namba ndogo. Tena akiwa na upungufu wa damu, HbA1c hudanganya: chembe nyekundu hufa mapema, namba ikapendeza bure. Kwake naamini zaidi namba za kipimo cha kidole, hasa ile ya alfajiri, na kwa kawaida dozi ninayoanza kupunguza ni ya insulini ya usiku.