Tumbusi wanaoshambulia mbuzi wanaozaa: kabla hujashika bunduki, soma hii

Msimu wa mbuzi na ng'ombe kuzaa umefika hapa Kentucky na simu za ofisi yetu ya ugani hazipoi. Wengi wanaopiga ni ndugu zetu wa Louisville, Lexington na Bowling Green wenye vishamba nje ya mji, na swali ni lile lile: ndege weusi wamemtoa macho mtoto wa mbuzi, nikiwapiga risasi kuna shida? Shida ipo, tena kubwa, nitaieleza, ila tuanze na mzoga maana hapo ndo watu wanakosea sana.

Kwanza tumbusi wako aina mbili (wengine mnawaita tai, ila hapa nikisema tai namaanisha eagle, ndege mwingine). Yule wa kichwa chekundu karibu siku zote anakula kilichokufa tayari, ananusa mzoga akiwa angani. Mwenye kichwa cheusi, mkia mfupi na mabaka meupe kwenye ncha za mabawa ndiye msumbufu, wanakuja kundi zima, wanaanzia kwenye kondo la nyuma halafu wanamgeukia mtoto ambaye hata hajasimama, macho, ulimi, kitovu, na mama mwenyewe akiwa bado anasukuma wanaweza kumdonoa nyuma.

Lakini kumkuta ndege juu ya mzoga sio ushahidi kwamba ameua! Vaa glavu, chuna ngozi kidogo shingoni na karibu na macho, ukiona damu imevilia chini ya ngozi basi alishambuliwa akiwa hai, ukikuta hakuna damu chini ya ngozi alikuwa ameshakufa. Angalia na kwato, akizaliwa zina utando laini chini na akitembea unachakaa, kwahiyo ukiuona umechakaa ujue alizaliwa hai. Mwezi uliopita mfugaji mmoja aliniapia tumbusi wamemuulia watoto wawili, tukakata kipande cha pafu tukakitupa kwenye ndoo ya maji, kikazama. Pafu lililovuta hewa linaelea, kwahiyo wale walizaliwa wafu na tatizo lilikuwa ugonjwa kwenye zizi. Na magonjwa ya kutoa mimba yanaambukiza watu, mama mjamzito asiguse kabisa.

Sasa sheria. Tumbusi wote wanalindwa na sheria ya ndege wahamao ya 1918, wao waliingizwa 1972. Kumuua bila kibali ni kosa la serikali kuu ya Marekani, faini mpaka dola 15,000 na kifungo mpaka miezi 6. Naomba tuache ile hoja ya "shamba ni langu". Shamba ni lako ndio, ndege sio wako. Sumu ndo usiiwaze kabisa, itaua mbwa wako, itaua na tai.

Kibali kinapatikana na sio cha matajiri kama watu wanavyosema. Unapiga USDA Wildlife Services (kitengo cha wanyamapori cha wizara ya kilimo ya Marekani), 1-866-487-3297, waeleze una mifugo gani na umejaribu nini kuwafukuza, watakujazia fomu ya mapendekezo, hiyo unaiambatanisha na maombi yako kwa U.S. Fish and Wildlife Service, idara ya serikali kuu inayotoa kibali, pamoja na ada. Kwa mfugaji wa Kentucky kuna njia fupi, Kentucky Farm Bureau (chama cha wakulima) wanashikilia kibali cha jimbo zima na wanatoa vibali vidogo bila malipo, unaruhusiwa idadi maalum ya tumbusi wa kichwa cheusi tu. Usizidishe hata mmoja, na ripoti uirudishe hata kama hujaua kitu.

Kuwafukuza tu, kelele, mbwa, taa ya leza ya kijani jioni kwenye mti wanapolala, hakuhitaji kibali (ila uliza kaunti yako kuhusu fataki za baruti). Tai ni habari nyingine kabisa, wana sheria yao ya 1940, na hata kuwatishia tu unahitaji kibali. Kosa la kwanza ni faini mpaka dola 100,000 na mwaka mmoja jela, na unyoya ukiuokota usiupeleke nyumbani.

Kinachookoa watoto zaidi ni zizi. Mbuzi aliyekaribia kuzaa mwingize ndani, kijichumba cha mita moja na nusu kila upande kinatosha, akae humo na watoto siku mbili tatu, halafu wabaki karibu na nyumba wiki mbili. Wapandishe kwa pamoja ili wazae karibu karibu, ukesha mara moja badala ya miezi mitatu. Kondo la nyuma lizike siku hiyo hiyo. Sanamu ya tumbusi ining'inize kichwa chini, mabawa wazi, mahali wanapotua, inawakera kweli, lakini ya plastiki, maana kushika tumbusi halisi aliyekufa kunataka kibali vilevile.

Na kama kweli wameua, ofisi ya FSA (Farm Service Agency, wakala wa wizara ya kilimo) ya kaunti yako ina mpango wa fidia ya mifugo unaoitwa LIP, na tangu mabadiliko ya 2025 mfugo uliouliwa na ndege au mnyama anayelindwa na serikali kuu unalipiwa asilimia 100 ya thamani ya soko, zamani ilikuwa 75. Watataka ushahidi. Kwahiyo piga picha za kichwa, kitovu na ile damu chini ya ngozi, andika tarehe, utupigie siku hiyo hiyo, mzoga ufunike na turubai mpaka tufike.