Tundu la chaneli ya ioni, na kwa nini sumu ya bunju hunasa humo

Ukitaja Bunju hapa Dar es Salaam, wengi wetu tunawaza daladala za barabara ya Bagamoyo. Mvuvi wa Feri atamuwaza samaki, yule anayejijaza maji akavimba kama mpira. Asiyemjua akimla, midomo hufa ganzi, kisha ulimi, kisha misuli ya kupumulia hulegea. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, iitwayo tetrodotoksini. Nguvu yake yote inategemea umbo la tundu dogo mno.

Chaneli ya ioni ni protini iliyopenya utando wa seli, na katikati yake kuna tundu. Ioni za sodiamu, yaani atomi zenye chaji ya umeme, zikimiminika humo kuingia ndani ya seli ya neva, ujumbe wa umeme husafiri: inua mkono, vuta pumzi. Tundu lenyewe halikunyooka kama bomba. Mdomo wake wa nje ni mpana, halafu linabana ghafla, mfano wa faneli. Penye kubana ndipo pa kuchujia, na hapo na juu yake kidogo zimepangwa amino asidi (vipande vinavyoijenga protini) zenye chaji hasi. Hizo ndizo zinazoivuta sodiamu, ambayo ina chaji chanya.

Sumu ya bunju nayo ina upande wenye chaji chanya. Inavutwa vilevile, inaingia mdomoni mwa tundu, ila ni nene kuliko ioni. Inakwama hapo kama kizibo cha chupa, na sodiamu haipiti tena.

Sasa angalia moyo. Mtu aliyekula bunju anaweza kushindwa kupumua huku moyo wake ukiendelea kupiga. Chaneli za sodiamu za moyo zinafanana mno na za misuli ya mkono, lakini mdomoni mwa tundu zimetofautiana kwa amino asidi moja. Kwenye misuli ya mkono ipo tirosini, yenye pete ya atomi ambayo sumu hujishikiza kwayo. Kwenye moyo pana sisteini, isiyo na pete. Kwa badiliko hilo moja, sumu inahitajika kwa wingi wa mamia ya mara ili izibe. Mimi sijaona mfano unaonyesha vizuri zaidi kwamba sumu haiui kwa ukali wake peke yake. Lazima ipate pa kushika. Bunju mwenyewe hafi kwa sababu iyo hiyo: chaneli zake zimebadilika mahali hapo.

Nge wengine hutumia mbinu hii kwenye chaneli za potasiamu. Sumu yao ni protini ndogo inayochomeka mkono mmoja wa laisini, amino asidi nyingine, ndani ya tundu. Mwanasayansi wa Marekani, Roderick MacKinnon, alizitumia sumu za namna hiyo kutafuta tundu liko wapi kabla ya kuonyesha umbo la chaneli ya potasiamu mwaka 1998, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003.

Tetrodotoksini haina dawa ya kuipoza. Lakini kizibo chake hakigandi moja kwa moja; huchomoka, na mwili huitoa sumu kidogo kidogo. Ndiyo maana aliyekula bunju akimbizwe hospitali mara tu midomo inapoanza ganzi, apumuliwe kwa mashine mpaka matundu yafunguke.